Mbuzi ya Nazi na Kikamulio cha Starck

Kikamulio cha ndimu alichobuni Mfaransa Philippe Starck, kilichotolewa na Alessi mwaka 1990, kina miguu mitatu mirefu, sijui buibui sijui roketi. Hakina chujio, kwa hiyo mbegu zinadondokea kwenye glasi. Toleo lililopakwa dhahabu ndiyo kabisa, asidi ya ndimu huliharibu! Na bado kimo makumbusho ya MoMA, New York, na jina la mbunifu wake.

Nilicheka, mpaka nikakumbuka mbuzi ya bibi. Kiti na kikunio pamoja, inakunjwa, inaegemezwa ukutani. Nani aliibuni? Hatukuwahi hata kuuliza. Ilipovunjika tuliifanya kuni. Je, kitu kikitufaa sana ndiyo tumsahau aliyekiwaza? Chuma chake ninacho, kimeshika kutu.