Mkate wa Mwalimu na Amana ya Wafu

Katika mji wa Mbeya kuna mtaa uitwao Soweto, na mtaa huo una soko lake la viazi, ndizi na mboga. Jina hilo si la Kisafwa wala la Kisangu. Limetoka Afrika Kusini, na hata huko halikuzaliwa katika lugha ya wenyeji: ni mkato wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya vitongoji vya kusini-magharibi, jina la kiofisi lililopitishwa mwaka 1963 na watawala waliotaka kuwaweka watu weusi mbali na mji wa Johannesburg. Kisha ikaja tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi wakapigwa risasi kwa kukataa kusomeshwa kwa Kiafrikana, na jina lililotungwa na makarani likageuka kuwa jina la ushujaa. Leo mchuuzi wa Mbeya hulitaja mara nyingi kutwa pasi na kuyakumbuka hayo, wala hastahili lawama. Jina la soko ni jina la soko. Lakini jina lililosafiri namna hiyo limebeba swali. Historia ya watu wa mbali inamhusu nini asiyekuwa mmoja wao? Na yule aliyeifanya historia hiyo kuwa kazi yake ya maisha, akaifundisha na kulipwa kwayo, anadaiwa nini, na mdai wake ni nani?

Swali hili lina mfano mmoja uliotimia, nao ni wa wale wageni waliosomesha historia ya Ugiriki ya sasa katika vyuo vya nje. Msomaji wa pwani, akitajiwa Wayunani, aghalabu humkumbuka Aflatuni na Aristu, au kile kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza, kilichoandikwa kwa Kigiriki, kinachoitaja bandari ya Rhapta na kisiwa cha Menouthias. Ugiriki ya pili, ile iliyozaliwa katika vita vilivyoanza mwaka 1821 dhidi ya Waturuki, haina nafasi kubwa katika kumbukumbu za hapa. Hata hivyo watu wake wamekuwa majirani. Walilima mkonge na kahawa, na kule Nyanda za Juu Kusini, pembezoni mwa Iringa, walikuwa miongoni mwa masetla waliopanda tumbaku na kuikausha katika mabani. Wengi wao walitoka katika visiwa na vijiji maskini, na katika daraja za ukoloni walikaa mahali pa kati na kati: weupe mbele ya Mwafrika, lakini si weupe wa kutosha mbele ya Mwingereza. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na utaifishaji uliofuata, walio wengi waliondoka. Wameacha alama mbili tatu. Askofu wao wa Dar es Salaam huitwa wa Irinoupolis, yaani Mji wa Amani, tafsiri ya Kigiriki ya jina la Kiarabu la mji wa Kiswahili. Na ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja una jina la tajiri wa Kigiriki aliyeufadhili. Humo, kama alivyoeleza Mohamed Said katika kitabu chake juu ya Abdulwahid Sykes, ndimo ulimofanyika ule uchaguzi wa TAA wa Aprili 1953 uliompa Julius Nyerere urais wa chama. Kumbe taifa huweza kupiga hatua ndani ya jengo la mgeni, na mgeni huyo asitajwe katika kitabu chochote cha shule.

Turudi katika kadhia yenyewe. Mwaka 1919 Chuo cha King's, London, kilianzisha kiti cha uprofesa wa historia, lugha na fasihi ya Kigiriki cha zama za Bizanti na za sasa. Kiliitwa kwa jina la Adamantios Koraes, mwanachuoni aliyezaliwa Smyrna mwaka 1748 na kufia Paris mwaka 1833. Fedha zake zilichangwa na matajiri wa Kigiriki waliokaa Uingereza, na serikali ya Athens nayo ikatia mkono. Profesa wa kwanza alikuwa kijana, Arnold Toynbee. Wafadhili walimwona ni mtu wao. Wakati wa vita alikuwa amefanya kazi ya kukusanya ushahidi wa maangamizi ya Waarmenia chini ya dola ya Kituruki, na ushahidi huo ulichapishwa mwaka 1916. Mtu aliyesema kweli juu ya adui hupendwa upesi.

Mwaka 1921 Toynbee akasafiri kwenda Anatolia kwa niaba ya gazeti la Manchester Guardian. Jeshi la Ugiriki lilikuwa limeiteka sehemu ya magharibi ya nchi hiyo. Akaviona vijiji vya Waislamu vilivyochomwa, akawasikiliza walionusurika, akayaandika aliyoyaona. Mwaka uliofuata akatoa kitabu kizima juu ya vita hivyo. Mwaka huohuo jeshi la Ugiriki likashindwa, Smyrna ikaungua, na mwaka 1923 mapatano ya Lausanne yakawahamisha watu kwa mujibu wa dini zao: Wakristo zaidi ya milioni moja wakaelekea Ugiriki, na Waislamu wapatao laki nne wakaelekea Uturuki. Katika msiba wa namna hiyo, waliokitoa kiti walimtazama aliyekikalia kama mwana aliyemtukana mama yake matangani. Fadhila za punda, walisema kimoyomoyo, ni mateke. Mwaka 1924 Toynbee alijiuzulu.

Nani alikuwa na haki? Jibu la haraka ni kwamba Toynbee alikuwa shujaa na wafadhili walikuwa madhalimu. Jibu hilo linaridhisha mno, na kwa hiyo halina budi kutiliwa shaka. Wale wachangaji hawakuwa watu wa kubezwa. Walitoa mali yao ili lugha yao isomwe na jina la taifa lao changa lipate heshima katika mji uliotawala dunia, na mtu atoaye kwa ajili ya heshima ya wazazi wake hafikirii kwamba amenunua ushahidi dhidi yao. Maumivu yao yalikuwa ya kweli. Ila maumivu si hoja. Kosa lao halikuwa kuumia. Lilikuwa kudhani kwamba historia waliyoilipia ilikuwa zawadi, na kwamba mpokeaji wa zawadi hufungwa mdomo na shukrani.

Historia si zawadi, ni amana. Kiswahili kinaijua tofauti hiyo vizuri kuliko lugha nyingi. Zawadi ina mtoaji na mpokeaji, basi, na kati yao kuna hisani. Amana ina mtu wa tatu: mwenyewe, asiyekuwapo, ambaye mali ni yake na ambaye hawezi kuja kuidai. Katika historia mtu huyo wa tatu ni maiti. Mwalimu anaweza kula mkate wa mfadhili kwa halali, maadamu anafanya kazi. Lakini alichokabidhiwa si cha mfadhili. Tena maiti hao hawachaguliwi kwa kabila. Mwanakijiji wa Kiislamu aliyeuawa Anatolia mwaka 1921 yumo ndani ya amana ya profesa wa historia ya Kigiriki, sawa na Mgiriki aliyeuawa katika kisiwa cha Chios mwaka 1822. Asiyeweza kuwabeba wote wawili atafute kazi nyingine. Ushairi wa kusifu, kwa mfano, nao ni sanaa yenye heshima yake.

Mwanahistoria Richard Clogg, Mwingereza aliyesomesha historia ya Ugiriki ya sasa katika chuo kilekile cha King's kabla ya kuhamia Oxford, aliifungua kadhia hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1986. Hakuwa akizungumza juu ya watu wa kale tu, kwani kiti cha Koraes kilikuwapo bado. Mwaka 2018 akachapisha kumbukumbu za maisha yake ya uanachuoni. Maisha ya namna hiyo, ya mtu aliyetumia miaka yake yote katika historia isiyokuwa ya babu zake, yanaweza kuonekana kama uvamizi wa kistaarabu. Wahenga lakini walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huona lile ambalo mwenyeji amelizoea hata halioni, na husema lile ambalo mwenyeji akilisema atazikwa bila ya majirani.

Hapo ndipo penye ukakasi. Mgeni husema kwa bei nafuu. Toynbee alipoteza kiti akapata umaarufu. Mwenyeji hulipa kwa sarafu nyingine. Nicos Svoronos, Mgiriki aliyeandika historia ya nchi yake kwa Kifaransa mwaka 1953 akiwa uhamishoni Paris, alivuliwa uraia. Na katika miaka ya karibuni, kitabu cha historia cha darasa la sita kilichoandikwa na jopo la Maria Repoussi kilizua ghasia Ugiriki nzima, hata mwezi Septemba 2007 kikaondolewa mashuleni. Lawama ziliangukia hasa neno moja. Kitabu kilieleza kwamba mwaka 1922, Smyrna ilipoungua, watu walisongamana bandarini. Walisongamana! Kama abiria wa jahazi la sikukuu, ilhali nyuma yao kulikuwa na moto na mbele yao bahari.

Wapenzi wa ushairi hawahitaji kufafanuliwa uzito wa neno moja. Waandishi wa kitabu kile walitaka mtoto asirithi chuki, nia njema kabisa. Lakini waliipunguza chuki kwa kumpunja maiti haki yake, na maiti akalipiwa kisasi na watu wabaya zaidi, wale wanaoipenda chuki kwa ajili yake yenyewe. Visiwani nako kuna neno la mwaka 1964 ambalo kwa mmoja ni mapinduzi na kwa mwingine ni mavamizi, na pamekuwa na nyumba ambamo maneno yote mawili yalikaa chini ya paa moja, kila moja likisubiri mwenziwe atoke ndipo liseme. Mwalimu anayeingia darasani na neno moja tu mfukoni amekwisha kuamua nusu ya kesi kabla ya kuifungua.

Iringa inalijua jambo hili kwa namna yake. Mkwawa aliyelishinda jeshi la Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891 aliitwa mwasi katika lugha ya maadui zake, na fuvu lake likawa kifungu cha Mkataba wa Versailles mwaka uleule wa 1919 ambao kiti cha Koraes kilianzishwa. Lilirejeshwa Kalenga mwaka 1954. Leo jina lake limo juu ya lango la chuo kikuu kishiriki cha elimu, wanamosomea walimu. Chuo kingine cha ualimu cha mji huohuo kina jina la Kleruu. Dakta Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa, aliuawa siku ya Krismasi mwaka 1971 katika shamba la Said Mwamwindi huko Isimani, wakati wa kuhimiza vijiji vya ujamaa. Mwamwindi mwenyewe aliupeleka mwili polisi, akashitakiwa, akanyongwa. Dola haikukosea kumheshimu mtumishi wake aliyeuawa. Lakini mwalimu aliyefundwa chini ya jina la mmoja, siku atakapoulizwa na mwanafunzi wa Isimani juu ya yule wa pili, amejiandaa kujibu nini? Mkate wake ni wa serikali. Maiti ni wawili.

Na walowezi wa Kigiriki je? Anayetaka kuiandika habari yao Iringa atakuta milango miwili. Mmoja uko Athens na visiwani kwao, katika barua na picha za familia zilizorejea, na huko atakaribishwa vizuri maadamu aandike juu ya uchapakazi, umaskini wa mwanzo na uchungu wa kunyang'anywa. Yote hayo ni kweli. Mwingine uko vijijini, kwa waliopalilia tumbaku na kukesha wakichochea kuni za mabani ili joto lisishuke. Hao hawana mfuko wa kulipia kiti cha uprofesa, wala ukumbi wenye jina lao. Aliyekuwa na miaka ishirini uhuru ulipopatikana mwaka 1961 amepindukia themanini, na anayetaka kumsikiliza itambidi afunge safari upesi.