Mtume na Mtumwa

Kiswahili kimezaa kwa shina moja maneno ambayo maana zake zimeachana sana katika maisha ya watu. Katika kutuma limetoka neno mtume, nalo ni neno la heshima kuu kwa Mwislamu na kwa Mkristo. Limetoka neno mtumwa, nalo ni neno la aibu na machozi. Limetoka neno mtumishi, nalo limesimama katikati. Mtume ametumwa na mtumwa ametumwa. Wote wawili huamka alfajiri wakashika njia kwa amri ya mwingine. Basi ni kitu gani kilichomtukuza mmoja na kumdhalilisha wa pili? Swali hili si la sarufi peke yake. Humkabili kila mfuasi wa Kristo aliyeambiwa aende akawahudumie watu, na katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa limeulizwa kwa vitendo mara nyingi kuliko lilivyoulizwa kwa maneno.

Jibu jepesi ni kwamba mtume hutukuka kwa sababu ya ukuu wa aliyemtuma. Jibu hili halitoshi. Mtumwa wa sultani alikuwa mtumwa vile vile, hata kama alivaa hariri. Tena Paulo, mwanzoni mwa waraka wake kwa Warumi, alijiita kwa majina yote mawili, mtumwa na mtume, wala hakuona kwamba moja lalifuta jingine. Yapasa tofauti itafutwe mahali pengine.

Alama ya kwanza ni hiari. Mtumwa hakuulizwa. Kijana tajiri aliyeitwa na Yesu aliulizwa, akakataa, akaenda zake kwa huzuni, na hakuna aliyetumwa kumkamata. Wito usioweza kukataliwa si wito. Watu wa kusini walilijua jambo hili kwa miili yao, maana misafara ya watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa kwenda Kilwa ilipita katika nchi zao. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza kutoka Unguja kundi la watu zaidi ya 50, waume kwa wake, waliokuwa wamekombolewa utumwani, wakafanya makazi yao Masasi, kusini ya Nachingwea. Watu waliokwisha kupelekwa pwani kwa minyororo walirudi bara kwa miguu yao wenyewe, na neno lililokuwa jina la msiba wao likageuka kuwa jina la kazi yao. Mmoja wa waliokombolewa, Cecil Majaliwa, alitumwa Chitangali, katika nchi ya Wayao, mwaka 1886. Mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni ile. Aliyewahi kuhesabiwa kuwa mali sasa aliwahesabia wengine utu wao.

Lakini hiari haitoshi. Mtu aweza kwenda kwa hiari yake mwenyewe, tena kwa nia njema, akawafanya watu vyombo vya nia yake. Ndipo inapotokea alama ya pili, nayo ni mahali faida inapobaki. Faida ya kazi ya mtumwa hurudi kwa aliyemtuma. Faida ya kazi ya mtume hubaki kwa wale aliotumwa kwao. Nachingwea ina mfano wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 ukaanza Mpango wa Karanga katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, misitu ikaangushwa, reli ikajengwa, na bandari ya Mtwara ikachimbwa. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara yake ikahesabiwa kuwa pauni zipatazo milioni 36. Katika miaka ya 1960 hata reli ikang'olewa. Wengi waliofika na mpango huo walikuwa watu wa bidii, na wengine waliamini kweli kwamba wanawaletea wenyeji maendeleo. Walakini uamuzi ulifanywa London kwa haja ya London, na mkulima wa Kimwera aliyejua mvua na udongo wake hakuwa mwalimu wa mtu yeyote. Walikuja na kila kitu isipokuwa haja ya kumsikiliza mwenyeji.

Hapa agizo la Yesu kwa wanafunzi wale sabini, lililoandikwa na Luka, lapata maana ambayo pengine husomwa haraka mno. Aliwakataza kuchukua mfuko wala mkoba, akawaamuru wakae katika nyumba iliyowapokea na kula walichopewa. Mtu aweza kupinga kwamba agizo hili lawatwika maskini mzigo wa kulisha wageni, na kwamba hospitali haiendeshwi kwa mikono mitupu. Hoja hii ni ya haki. Muuguzi wa hospitali ya misheni ya Mnero asiye na dawa hamponyi mgonjwa kwa unyenyekevu wake. Lakini agizo halikulaumu chombo cha kazi, lililaumu kinga. Aliye na kila kitu hana sababu ya kubisha hodi. Asiye na mkoba lazima abishe, angoje, apokewe, aonje chumvi ya nyumba ya mwingine, naye akisha kuonja hawezi tena kumdharau. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii haikusema kwamba mgeni amponye mwenyeji kutoka juu yake. Imesema aje, na kuja kwenyewe kuna mlango, na mlango una mwenyewe.

Mlango ukifunguliwa kwa nguvu ya serikali, hata mtume wa kweli hupotewa na sura yake. Mwaka 1905, vita vya Majimaji vilipowaka, Askofu Cassian Spiss aliuawa katika njia ya Liwale pamoja na wenzake 4, na vituo vya misheni vya Lukuledi, Nyangao na Masasi vikaharibiwa. Waliouawa hawakuwa watoza kodi wala wasimamizi wa mashamba ya pamba ya Wadachi. Lakini walikuwa wamefika katika kivuli cha bendera moja na hao, na mtu aliyepigwa hana nafasi ya kupambanua kengele na bunduki zilizokuja pamoja. Hili halihalalishi damu yao. Laonyesha tu kwamba aliyetumwa hana budi kuuliza ni nani mwingine anayetembea nyuma yake.

Alama ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni kukubali kupungua, kama Yohana Mbatizaji alivyokubali. Mtumwa hutakiwa siku zote. Ndiyo adhabu yake. Mtume amefaulu siku asipotakiwa tena. Jimbo Katoliki la Nachingwea lilipoundwa mwaka 1963, askofu wake wa kwanza alikuwa Arnold Cotey, Mmarekani. Mwaka 1983 mahali pake paliwekwa Polycarp Pengo, aliyetoka Sumbawanga. Katika Kanisa la Kianglikana, Trevor Huddleston aliyekuwa askofu wa Masasi tangu mwaka 1960 aliondoka mwaka 1968, akafuatwa na Hilary Chisonga. Kazi iliyotaka kumilikiwa na aliyeileta ingalikuwa utumwa wa namna ya pili, mpokeaji akiwa ndiye mtumwa.

Maswali haya hayakuzikwa pamoja na maaskofu. Ruangwa, iliyokuwa sehemu ya Nachingwea kabla ya kuwa wilaya peke yake, hupokea kila mwaka walimu na waganga waliopangiwa kazi huko, na wako wanaoisoma barua ya kupangiwa kazi kama hukumu. Huanza kuandika maombi ya uhamisho kabla ya kujua jina la jirani. Katika kijiji hicho hicho yuko katekista alimaye shamba lake asubuhi, na jioni akaenda kumtazama mgonjwa, Mkristo au Mwislamu, wala hana cheo kinachomlazimisha. Wote wawili wametumwa. Mwalimu yule ana mshahara na elimu, navyo ni vyombo vyema. Lakini hana budi kuchagua kama vitakuwa vyombo au kinga.

Barua ya serikali, wala ya askofu, haiwezi kumchagulia. Barua yaweza kumfikisha mtu Ruangwa tu. Kama atakaa huko hali ya mtumwa anayehesabu siku, au hali ya mtume aliyekwisha kuketi na kula na watu, hilo huamuliwa kwenye kizingiti cha nyumba ya kwanza, naye anayeamua ni yeye.