Bibi Hajambo

Watoto wanne wa familia moja ya Tanga, wote wakiishi Uingereza, walichanga mwaka mzima ili mama yao atimizie miaka 75 baharini. Wakachagua meli ya kitalii inayoondokea Civitavecchia, bandari inayohudumia Roma, ipitie Santorini, Piraeus, Mykonos na Napoli, kisha irudi ilikotoka. Usiku saba. Wajukuu wakachapisha fulana zenye picha ya Bibi kifuani, na mwenyewe akakubali kuvaa ya kwake, mradi iwe juu ya dera.

Siku kumi na moja kabla ya kuondoka, Bibi akateleza bafuni. Hospitali wakakuta kifundo cha mguu wa kulia kimevunjika. Upasuaji hauhitajiki, wakasema. Wakamfunga hogo hadi chini ya goti, wakamkataza kuukanyagia mguu, wakampa na tarehe ya kurudi kupigwa picha nyingine. Tarehe yenyewe ikaangukia siku ambayo meli ingekuwa Ugiriki. Juu ya hayo Bibi ana kisukari cha miaka mingi, na mwenye kisukari mara nyingi miguu yake imepungukiwa hisia: mbano ambao mwingine angeupigia kelele, yeye huenda asiusikie mpaka jambo limeshakomaa.

Jioni ile watoto wakafanya kikao kwa simu. Kughairi kulikuwa kumeshakuwa ghali. Katika mikataba mingi ya meli hizi, kadiri siku inavyosogea ndivyo marejesho yanavyopungua, na wiki za mwisho hurudishiwi hata senti.

"Tukiwaambia wenye meli watatuzuia," akasema kaka mkubwa. "Tuseme Bibi hajambo. Kwani uongo? Si anakula, si anacheka?"

Dada anayemfuata, ambaye ni muuguzi, alitaka kwanza daktari aulizwe. Kitindamimba, anayeishi na mama Leicester, akauliza kama watu wa bima wana habari. Kaka akajibu kwamba bima ni ya meli kuzama, si ya mama kuteleza. Wakacheka. Mkataba wa bima ulikuwa kwenye barua pepe yake tangu siku alipoununua, haujafunguliwa.

Kisha wakamuuliza mwenyewe. "Mama, si utaweza?"

Swali la namna hiyo limeshajijibu. Mama wa pwani wa umri ule, aliyelelewa asiwe mzigo kwa mtu, amesikia bei ya tiketi ikitajwa zaidi ya mara moja na ameona fulana zimeshachapwa. Atasema nini? "Nitaweza, wanangu. Mimi si nakaa tu?" Wangemuuliza usiku anaamka mara ngapi kwenda msalani, na anafikaje huko, wangepata jibu jingine, maana hapo hakuna pa kujikaza, ni kueleza tu njia anayopita.

Abiria wa ndege mwenye shida ya kutembea, Ulaya na Uingereza, ana haki ya kusaidiwa bila malipo, na anatakiwa kutoa taarifa angalau saa 48 kabla. Taarifa haikutolewa, kwa kuwa kuitoa kungekuwa kukiri. Uwanjani London wakasubiri kiti cha magurudumu mpaka waliojiandikisha walipokwisha. Ndani ya ndege mguu ukaning'inia chini kwa zaidi ya saa mbili, wakati maagizo ya hospitali yalikuwa uinuliwe juu ya mto. Walipotua Roma vidole vilikuwa vimevimba. Bibi akavifunika kwa kanga.

Jioni hiyohiyo, kabla meli haijaondoka, abiria wote wakaitwa kwenye vituo vyao vya kukusanyika kwa mazoezi ya dharura. Mazoezi haya hayafanywi kwa kupitisha muda. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia, iliyokuwa imetoka Civitavecchia hapohapo, iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio. Watu 32 wakafa, na mamia ya waliokuwa wamepanda jioni ile walikuwa hawajafanya mazoezi yoyote. Tangu 2015 sheria za kimataifa zinataka abiria wapya wafundishwe kabla meli haijang'oa nanga au mara tu inapong'oa. Basi ofisa akapita akiuliza nani katika kila kundi atahitaji msaada wa kushuka ngazi, maana katika dharura lifti hazitumiwi.

"Hakuna," kaka akawahi kujibu. "Sote hatujambo."

Bibi alikuwa ameketi nyuma yake, kanga imefunika hogo. Jina lake halikuandikwa. Katika yote waliyoyaficha, binafsi hili ndilo nisiloweza kuwasamehe. Mengine yaligharimu pesa na maumivu. Hili lingeweza kumwacha mzee wa watu chumbani, meli imelala ubavu, na wa kumfuata hayupo kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba yupo.

Taabu ya chumbani yenyewe ilikuwa ya vipimo. Mlango wa chumba cha kawaida katika meli nyingi hauzidi sana sentimita 60, na kiti cha magurudumu cha mtu mzima huwa kipana kuliko hapo. Vipo vyumba vyenye milango mipana, bafu lisilo na kizingiti na kiti cha kuogea, lakini katika kila meli ni vichache, huwahiwa mapema, na hupewa aliyesema. Kiti walichoazima kwa jirani kikagoma mlangoni. Wakakikunja na kukiacha koridoni. Mhudumu akaja kwa adabu zake akakiondoa, kwa kuwa koridoni ndipo watu wanapokimbilia moto ukizuka. Kuanzia hapo kila asubuhi ilibidi mtu aende kukidai.

Bafuni kulikuwa na kizingiti cha kuzuia maji yasiingie chumbani, kimo chake kama upana wa kiganja. Mwenye miguu miwili hakioni. Bibi alikuwa akishika kitasa, akikiruka kwa mguu mmoja, na sakafu nayo ikisogea kidogo chini yake, kwa sababu meli kubwa hutulia lakini hailali. Siku ya pili akajipatia dawa yake mwenyewe: akaacha kunywa maji. Asiyekunywa haendi msalani. Wajukuu waliomletea juisi aliwarudishia akisema ameshiba. Hakuna aliyelitilia maanani, hata muuguzi, aliyekuwa likizo kweli kweli. Mzee anayekataa maji kuna jambo analikwepa, na mara nyingi jambo hilo liko kati ya kitanda na choo. Mwili uliopungukiwa maji, na mguu uliofungwa usiotembea, ndiyo mazingira ambayo damu hupenda kugandia.

Kulikuwa na wakati mmoja tu wa siku ambao haukumtaabisha, nao ni wa sala. Dini yake ilikuwa imemwekea nafasi zamani. Mwenye jeraha hupangusa maji juu ya bandeji, asiyeweza kusimama husali ameketi, na aliye chomboni, kibla kikimzungukia, huelekea anakoweza. Ratiba ya watoto wake haikuwa na ruhusa za aina hiyo. Kifungua kinywa saa mbili, picha saa tatu, muziki saa tano usiku, na Bibi mbele kila mahali, kwani safari ni yake.

Wakafika Santorini. Chini ya mji wa Fira meli kubwa hazifungi gati. Hutia nanga ndani ya ghuba iliyoachwa na volkano, na abiria hushushwa kwa boti ndogo. Kutoka bandari ile ya zamani kwenda mjini juu kuna ngazi zaidi ya 500, au punda, au vigari vinavyoning'inia kwenye waya. Lakini kabla ya hayo yote kuna hatua moja, ya kutoka melini kuingia botini, na vyombo hivyo viwili havipandi na kushuka pamoja. Kampuni za meli huonyesha mapema kwenye ratiba bandari zinazoshukwa kwa boti. Ilikuwa imeandikwa. Ofisa wa mlangoni akaliona hogo, akatikisa kichwa.

"Nitambeba mgongoni," akasema kaka mkubwa.

Ofisa akakataa. Kaka akapandisha sauti, foleni ikasimama, na Bibi akawa katikati, akitazamwa na watu wa mataifa yote, amevaa sura yake mwenyewe kifuani. "Baba, niacheni," akasema. "Nitawaangalia kutoka juu." Kaka alimlaani ofisa yule siku nzima. Sioni kosa lake. Mtu aliyebeba mtu, akikosea mguu pale, wanaangukia wawili kati ya chuma na chuma.

Kesho yake ilikuwa Piraeus, bandari ya Athens, na huko gati lipo. Mwenye kiti husukumwa mpaka nchi kavu. Lakini watoto walikuwa wamechoshwa na aibu ya jana, wakaamua Bibi apumzike chumbani wao waende Akropoli. Walikadiria kwa macho: mlima, mawe, jua. Hakuna aliyepekua kujua kwamba mwamba ule wenye mahekalu ya karne ya tano kabla ya Kristo una lifti ya wasioweza kupanda, iliyozinduliwa Desemba 2020. Katika safari yote, pale palipoonekana pagumu kuliko pote ndipo palipokuwa na njia ya Bibi.

Saa nne asubuhi mhudumu wa chumba, kijana wa Kifilipino, aliingia kutandika. Kanga ilikuwa imeteleza. Akaviona vidole, vimejaa na kubadilika rangi. Akauliza kama unauma, na Bibi, kwa Kiingereza chake cha sokoni Leicester, akamwambia yote: mguu unawaka tangu Roma, hajalala, tangu jana kigimbi nacho kinavuta. Wanawe walikuwa wamemuuliza kila asubuhi akawajibu hajambo. Huyu hakuwa amelipia kitu.

Hospitali ya melini ni zahanati nzuri, si zaidi: daktari, wauguzi, mashine ya picha, vipimo vya damu, vitanda vichache. Daktari akalipasua hogo kwa msumeno mdogo. Kigimbi kilikuwa kigumu na cha moto. Akashuku damu imeganda kwenye mshipa, na hofu yake ikawa donge lisije likasafiri mpaka mapafuni. Meli ilikuwa inaondoka jioni. Akaamua mgonjwa ashushwe wakati gati bado lipo.

Simu iliwakuta watoto juu ya Akropoli, wamejipanga kwa picha. Walirudi mbio. Pasipoti zikatafutwa, nguo za Bibi zikatupwa begini zikiwa hazijakunjwa, wakala wa bandari akaleta gari la wagonjwa. Meli haina desturi ya kungojea kikao cha ukoo, kwa hiyo iliamuliwa palepale gatini nani abaki. Muuguzi na kitindamimba wakabaki. Wengine wakaendelea Mykonos na Napoli, na kaka mkubwa hata leo ukimuuliza Mykonos ikoje anabadilisha mazungumzo.

Damu ilikuwa imeganda kweli. Bibi akaanzishiwa dawa, na daktari wa Athens akamkataza ndege mpaka atakapompa ruhusa. Kadi ya afya wanayopewa wakazi wa Uingereza kwa safari za Ulaya ilimfaa katika hospitali ya serikali, akatibiwa kama Mgiriki. Kadi hiyo haigusi zahanati ya melini, ambayo bili yake ilikuwa imeshaingia kwenye akaunti ya chumba pamoja na kahawa na picha za ukumbusho. Hailipi hoteli ya wanaouguza. Hailipi tiketi mpya za kurudi nyumbani, wala kiti cha ziada cha kunyooshea mguu.

Hayo yote ni ya bima, na bima wakaandika kukataa. Mkataba ulimtaka mteja atoe taarifa afya ikibadilika kati ya siku ya kununua na siku ya kusafiri. Mfupa ulivunjika ndani ya siku hizo, na taarifa haikufika.

Kitindamimba ndiye aliyeusoma mkataba mwanzo hadi mwisho, Bibi alipokwisha kurejea Leicester na watoto wote wamekusanyika kugawana deni. Akafika kwenye ukurasa unaohusu kughairi, akausoma kwa sauti. Mwenye bima akiumia kabla ya safari, na daktari akaandika kwamba hafai kusafiri, malipo ya safari yatarudishwa: ya kwake, na ya jamaa walioko kwenye bima hiyohiyo. Wote walikuwa kwenye bima hiyohiyo.

Kaka akaomba apewe asome mwenyewe. Akasoma. Akarudia.

"Hiyo barua ya daktari," Bibi akauliza kutoka kwenye kochi, mguu juu ya mito miwili, "ingekuwa pauni ngapi?"

Muuguzi akamtajia. Bibi akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akamwambia kaka mkubwa ainuke amletee maji, glasi kubwa, na asiondoke mbali kwa kuwa baada ya hapo atataka kupelekwa msalani.