Pomade Iliyoponya kwa Siku Tatu

Mama huyu sitampa jina, kwa kuwa kisa chake nimekiunga kutokana na visa vya wengi. Anaishi Nyakarenzo, wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, na riziki yake iko ng'ambo: anavuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza asubuhi na kapu la nyanya, jioni anarudi kutoka Bukavu, Kongo, na sabuni, vitenge na habari. Siku moja alirudi na pomade.

Bintiye wa miaka saba alikuwa ametokwa na duara shingoni. Ukingo wake umeinuka na una magamba, katikati pametulia, na usiku mtoto anajikuna hadi anaamka. Bibi yeyote wa pwani angesema choa, akanyamaza. Lakini jirani, ambaye mwanawe yuko sekondari, alisema hiyo ni aleji. Neno hilo lina heshima yake, linasikika kama limetoka hospitalini. Mama akalichukua hadi soko la Kadutu na kumwambia muuzaji, "Nipe ya aleji." Muuzaji hakuiona shingo ya mtoto. Alisikia neno, akatoa tyubu inayolingana na neno, na kwa hilo simlaumu sana.

Ndani ya tyubu ile mlikuwa na betametasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Kazi yake ni kuinyamazisha kinga ya ngozi: wekundu unapungua, uvimbe unashuka, muwasho unakwisha. Kwa ukurutu halisi hiyo ni nafuu kubwa. Choa, hata hivyo, ni kuvu anayekula keratini, ile protini ngumu ya ngozi ya juu, nywele na kucha. Ule ukingo ulioinuka ndiyo vita yenyewe kati ya mwili na kuvu. Ukiinyamazisha kinga, vita inakoma, na anayebaki uwanjani ni kuvu.

Siku ya tatu mtoto alilala usiku kucha. Mama akaisifu pomade hadi kwa mawifi. Alipoacha kupaka, baka likarudi, pana zaidi. Akapaka tena, likatulia, akaacha, likarudi. Kufikia mwezi wa tatu halikuwa duara tena. Lilikuwa limesambaa hadi begani bila ukingo unaoeleweka, lina vipele vidogo huku na huku, na ngozi ya shingo ilikuwa imekuwa nyembamba, ina michirizi. Madaktari wawili wa Uingereza, Ive na Marks, waliieleza hali hii mwaka 1968, wakaipa jina la Kilatini lenye maana ya choa aliyejificha. Aliyemficha, aghalabu, ni dawa.

Mama alikwenda kituo cha afya. Aliulizwa mtoto ana nini, akajibu, "Ana ekzema ya aleji." Maana neno nalo lilikuwa limekua: mtu mmoja wa Kamembe alikuwa amemwongezea la pili. Foleni ilikuwa ndefu. Neno likaandikwa kwenye daftari kama lilivyosemwa, akapewa steroidi nyingine.

Hapa pana jambo la Rusizi lenyewe. Nyumbani ni Kinyarwanda, sokoni ni Kiswahili, wahudumu wa umri mkubwa walisomea Kifaransa, na tangu 2008 shule zilipohamia Kiingereza, wadogo wanakuja na majina mengine kabisa. Mgonjwa anaokota jina lolote linalong'aa. Wala si shida ya huku tu. Waingereza wanamwita choa mnyoo wa pete, na wako wanaoamini hadi leo kwamba chini ya ngozi kuna mnyoo. Wasemaji wengi wa Kihispania wanauita mkanda wa jeshi kijoka, wakihofu kwamba kichwa kikikutana na mkia, mtu anakufa. Hofu hiyohiyo utaisikia kwetu, kwamba mkanda ukizunguka kiuno ndiyo mwisho. Virusi vyake havijui habari hiyo: vinafuata mshipa wa fahamu, kwa kawaida upande mmoja tu wa mwili.

Kosa la jina linaweza pia kuvuka nyumba ya mtu mmoja. Julai 2024 Rwanda ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza wa mpox, wawili, wote waliokuwa na safari za Kongo. Mlipuko wa aina mpya ya virusi hivyo ulikuwa umeanzia Kamituga, mji wa dhahabu wa Kivu Kusini, mwaka uliotangulia. Mtu anayefika na vipele huku akitangaza kwamba ana tetekuwanga, akaaminiwa, anarudi kwa wanawe. Kuviangalia ndiko kunakosaidia: vya tetekuwanga hutoka kwa mafungu, vipya kando ya vilivyokauka, ilhali vya mpox mara nyingi hukomaa pamoja, na hupenda viganja na nyayo.

Mhudumu wa pili aliyemwona mtoto wetu alikuwa na tabia ambayo ningependa ifundishwe kila mahali. Mama alipoanza, "Muganga, ana ekzema…" alimkatiza kwa upole. "Mama, jina tuliache kwanza. Lilianza lini? Lilianza likiwa la umbo gani? Mmepaka nini? Nyumbani nani mwingine anajikuna?" Akamsogeza mtoto dirishani. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa vitabuni mara nyingi hauonekani; unakuja kama kijivu, zambarau au weusi uliokolea. Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari London aliyezaliwa Zimbabwe, alichoka kuonyeshwa ngozi nyeupe tu darasani, na mwaka 2020 akatoa na walimu wake kitabu cha picha za ngozi nyeusi.

Mhudumu alikwangua magamba kidogo, akayatia potashi, akaweka chini ya hadubini. Nyuzi za kuvu zilikuwa zimejaa. Pomade ikasimamishwa, na akaonya kwamba muwasho utazidi kwa siku kadhaa kabla ya kupungua, wasije wakaikimbilia tena. Mtoto akaanzishiwa vidonge vya griseofulvini vya wiki kadhaa. Michirizi, alisema bila kuficha, haitaondoka yote.

"Na tyubu iliyobaki iko wapi?"

"Nilimpa wifi yangu, kwa ajili ya mumewe. Ana baka mgongoni."

"Linamwasha?"

"Haliwashi, muganga. Ndiyo maana tukasema ni mba tu. Juzi cheche ya mkaa ilimrukia palepale, hata hakushtuka."

Mhudumu aliweka kalamu chini. Baka lisilohisi moto ni swali la ukoma hadi lithibitishwe vinginevyo, na dawa za ukoma hutolewa bure duniani tangu 1995, nazo hufaa zaidi zikiwahi kabla mishipa ya fahamu haijaharibika zaidi. Akauliza shemeji huyo anakaa kijiji gani, na kama mama anaweza kumleta kesho, bila kupakwa kitu.