Kitabu Mkononi, Korongo Mbele

Kitabu ni msemaji asiyesikia. Husema na kila amfunguaye, mwenye nguvu na dhaifu, mzoefu na mgeni, kwa maneno yale yale, wala hawezi kumtazama msikilizaji wake usoni akamwambia, "Wewe, mwanangu, leo usiende." Kwa mambo mengi upungufu huu haudhuru. Mtu akisoma vibaya kitabu cha hesabu atakosa jibu, na kesho yake atasahihishwa. Lakini viko vitabu vinavyomchukua msomaji mpaka mahali ambapo kosa halina kesho. Miongoni mwa hivyo ni vitabu vya kuwaongoza watu ndani ya makorongo membamba ya jangwa la Marekani, navyo ndivyo nitakavyo kuvichungua hapa. Mtu akifuata maneno ya mwingine mpaka hatarini, dhamana ya hatua yake ni ya nani?

Yafaa kwanza msomaji apaone mahali penyewe. Katika majimbo ya Utah na Arizona iko nchi kubwa ya juu ambayo mto Colorado na vijito vyake vimeikata kwa muda wa mamilioni ya miaka. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni mwamba uliofanyika kwa mchanga ulioshikamana. Ni mgumu wa kutosha kusimama wima kama ukuta, na laini wa kutosha kukerezwa na maji. Mvua huko ni haba, lakini ijapo huja kwa ghadhabu. Ardhi ni mwamba mtupu usio na udongo wa kunywa maji, basi maji yote hukimbilia kwenye nyufa, yakibeba mchanga na mawe. Na mchanga huo ndio tupa inayokereza. Hivyo hupatikana korongo ambalo kina chake huweza kupita mita 30, na upana wake mahali pengine haumtoshi mtu mnene. Aliye ndani akiinua macho huona utepe mwembamba wa mbingu, au haoni mbingu kabisa. Kuta zimepindapinda kama nguo iliyokamuliwa, na mwanga unaoshuka kutoka ukuta hata ukuta hugeuka rangi ya kaa la moto. Si ajabu watu kuvuka bahari kwenda kupatazama.

Makorongo mengine hupitika kwa miguu tu. Mengine yana magenge ndani yake, na huko hapana njia illa kwa kamba. Namna yenyewe ni hii: kamba hupitishwa katika pete iliyofungwa kwenye mti au mwamba, watu wakateremka mmoja mmoja, na wa mwisho akisha kufika, huvuta ncha moja hata kamba yote ikaja chini, maana wataihitaji kwenye genge la mbele. Tangu kamba ile ianguke miguuni pao, kurudi hakuna. Genge waliloteremka ni refu na laini, hawawezi kulipanda. Hawana budi kwenda mbele, genge baada ya genge, birika baada ya birika la maji baridi, mpaka kinywani mwa korongo.

Zamani elimu ya makorongo haya ilikuwa ya wachache, nao waliambiana kwa midomo. Kisha vikaja vitabu. Mwandishi mmoja wa Marekani, Michael Kelsey, ambaye ameizunguka nchi hiyo kwa miaka mingi, alitoa mwaka 2003 kitabu kizima cha makorongo yahitajiyo kamba. Katika vitabu vya namna hii msomaji huonyeshwa ramani, mahali pa kuacha gari, kimo cha kila genge, urefu wa kamba ya kuchukua na saa za kwenda. Ziko pia alama zinazotumiwa na wote: tarakimu 1 mpaka 4 kwa ugumu wa njia, herufi A mpaka C kwa habari za maji, na tarakimu za Kirumi kwa muda wa safari. Kwa alama tatu tu mtu akaaye mji wa mbali hupata picha ya korongo ambalo hajapata kuliona. Sikubaliani na wale wasemao kwamba vitabu hivi ni vya wavivu. Ni watu wangapi waliookoka kwa sababu walijua mapema kwamba mbele yao liko genge la mita 40, na kamba yao ilikuwa ya 60 tu? Hao hawaandikwi magazetini.

Walakini tazama jambo moja dogo. Kelsey huandika muda alioutumia yeye mwenyewe, naye ni mwendaji hodari mno. Wasomaji wake wamekwisha kufanya mzaha juu ya saa zake, kwa kuwa safari aliyoimaliza yeye kwa saa 4 huwachukua wao mchana kutwa. Mwandishi hakusema uongo hata neno moja. Alisema kweli juu ya nafsi yake, na msomaji akaichukua kuwa kweli juu ya nafsi yake naye. Ni nani mkosaji hapo? Mimi naona kosa, kama lipo, limo katika kusoma: msomaji aliuliza "ni saa ngapi?" akasahau kuuliza "ni saa za nani?"

Na liko gumu kuliko hilo. Korongo si nyumba ambayo fundi akiisha kuijenga hukaa vile vile. Kila gharika hulijenga upya. Mchanga uliojaa mwaka jana hufagiliwa, na pale palipokuwa hatua ya kushuka pakawa genge. Ugwe wa kufungia kamba, ulioachwa na wapitao, huliwa na jua na maji. Yako na mabirika, yaani mashimo yaliyochimbwa na maji katika sakafu ya mwamba. Birika likijaa, mtu huogelea akatoka upande wa pili bila taabu. Maji yakishuka nusu, ukingo huwa juu kuliko mikono yake, kuta ni telezi, hapana pa kukanyaga, na maji ni baridi hata wakati wa joto kwa sababu jua halifiki. Shimo lile lile lililokuwa mchezo limekuwa gereza. Kitabu kikisema "hapo utaogelea kidogo", kilisema kweli siku kilipoandikwa. Kweli hiyo ikageuka bila mwandishi kugusa kalamu.

Mwezi wa Aprili 2003 kijana mmoja Mmarekani, Aron Ralston, alikuwa akipita peke yake katika korongo la Blue John huko Utah. Jiwe lililokuwa limekwama baina ya kuta mbili likamtoka, likaugandamiza mkono wake wa kuume ukutani. Alikaa hapo siku tano, na mwishowe aliukata mkono wake mwenyewe akatoka hai. Alikuwa mpandaji milima mzoefu, si mjinga. Lakini hakuwa amemwambia mtu yeyote aendako. Hapana kitabu ambacho kingeweza kumwambia kwamba jiwe lile, siku ile, chini ya uzito ule, litasogea.

Tarehe 14 Septemba 2015 watu 7, waume kwa wake, walichukua kibali cha kuingia korongo la Keyhole, katika hifadhi ya taifa ya Zion. Korongo hilo ni fupi, na huhesabiwa miongoni mwa yale mepesi. Ofisi ya hifadhi ilikuwa imetangaza kwamba siku hiyo gharika za ghafula zinatazamiwa. Alasiri makorongo yakafungwa, lakini hao 7 walikwisha kuondoka ofisini na karatasi yao. Mvua ikanyesha kwa muda usio mrefu, maji yakashuka, na wote wakafa.

Watu waliuliza, na ni haki kuuliza: mbona kibali kilitolewa? Kanuni ya hifadhi ni kwamba mwenye kwenda ndiye mwenye kuamua. Ofisi humweleza hali ya mbingu, haimshiki mkono. Wengine waliona kanuni hiyo haina huruma. Nami nimeitafakari sana. Ofisi ikianza kukataza siku za hatari, kila siku isiyokatazwa itaonekana ni salama, na mgeni ataacha kutazama mawingu kwa kuwa yuko mtu wa kumtazamia. Hoja hii ina nguvu. Lakini kwa upande wa pili, karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo ina ulimi wake. Hata ikiandikwa chini yake kwamba usalama ni juu yako, moyo wa binadamu husoma neno "ruhusa" tu. Sioni jinsi ya kuipatanisha mizani hii, na ninamtilia shaka anayesema ameipatanisha.

Wako wanaotaka vitabu hivi visiandikwe kabisa. Husema kwamba mwamba ule laini umekwisha kuchorwa mifereji na kamba za wengi, na kwamba elimu itolewayo ovyo huua. Hoja ya mifereji naikubali, maana jiwe halina fidia. Ile ya pili naiogopa. Elimu ikifichwa haiishi. Hubaki mali ya wachache, na wale wengine huenda vile vile, ila gizani. Hata manahodha wa bahari yetu walikuwa na maandishi yao ya safari, ya nyota na miamba na misimu, na bado walimtafuta rubani ajuaye mahali. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alipewa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Kitabu na rubani havikuwa maadui.

Tena rubani naye si ngao. Tarehe 12 Agosti 1997, katika korongo la Antelope, nchi ya Wanavajo, watalii 11 walichukuliwa na maji. Pale walipokuwa mvua ilikuwa haba. Tufani yenyewe ilipiga mbali, upande wa juu. Kiongozi wa msafara mmoja alikuwa pamoja na watu wake, naye aliokoka akiwa amejeruhiwa vibaya, watu wake wakapotea. Tangu hapo haruhusiwi mgeni kuingia humo bila kiongozi, na ngazi za chuma zimekazwa ukutani. Sehemu ya juu ya korongo hilo Wanavajo huiita kwa lugha yao "mahali maji yapitapo kati ya miamba". Jina lilikuwapo kabla ya kitabu chochote, nalo lasema yote.

Na asidhani msomaji wa Kenya kwamba haya ni mambo ya ng'ambo. Katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, mwezi wa Aprili 2012, vijana 7 wa kundi moja la kanisa walichukuliwa na maji ya ghafula. Tarehe 1 Septemba 2019 wakafa 7 wengine, na mmoja wao alikuwa kiongozi, mtu wa papo hapo.

Mimi sijapata kushuka kwa kamba katika korongo la Utah, lakini mara nyingi nimekifikiri kituo kile cha kwanza. Wote wamekwisha kuteremka isipokuwa mmoja. Kitabu kimefungwa katika mfuko usioingia maji, na kimesema saa 3. Yuko mmoja wao, aghalabu yule mdogo kuliko wote au mgeni kuliko wote, ambaye tangu asubuhi ameliona wingu upande wa juu, akanyamaza, kwa sababu wenzake wamesoma na yeye hakusoma. Wa mwisho anafika chini, anafungua mkanda wake, anaishika ncha ya kamba. Bado hajaivuta.