Chembe Nilizozifuta

Mama aliinamia laptopu yangu, akaweka kidole pembeni mwa picha. "Na hapa? Mbona hapa pakavu?"

Tulikuwa kwangu Kiamunyi, jioni, Menengai ikianza kufifia dirishani. Huyu mama ni jirani. Alihamia huku baada ya bwawa la Solai kupasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40. Nilikuwa nimemwita aone kazi niliyoionea fahari: maji ya kompyuta yakishuka bondeni kutoka bwawani. Sikudai ni Solai yenyewe. Vipimo vya bwawa nilikisia, na sura ya ardhi niliitoa kwenye data ya miinuko iliyokusanywa na chombo cha angani cha Marekani mwaka wa 2000. Humo, kipimo kimoja kinafunika mita 30 kwa 30. Nyumba, choo na kishamba cha mahindi vyote vinaingia hapo na nafasi inabaki.

Lakini jibu la swali lake halikuwa kwenye ramani. Pale palikuwa na maji. Nilikuwa nimeyafuta.

Acha nieleze. Njia niliyotumia huyagawa maji kuwa chembe, na kila chembe hubeba mahali ilipo, mwendo wake, shinikizo na msongamano wake. Wataalamu wa nyota waliibuni mwaka wa 1977. Baadaye ikaonekana inafaa hata kwa maji. Mimi nilikuwa na chembe milioni moja, kila moja ikisimamia mchemraba wa maji wenye upande wa nusu mita. Piga hesabu: lita 125, yaani mitungi sita ya lita 20, na lita tano juu.

Kila chembe ina namba nane, kila namba baiti nne. Picha moja ni megabaiti 32. Picha 500 ni gigabaiti 16. ParaView, programu ninayotazamia, ni ya bure na ni nzuri, lakini laptopu yangu ni ya mtumba. Ukiitwika mzigo huo inaganda, feni inanguruma kama mashine ya kusaga unga.

Ndiyo maana kuna hatua ambayo watu hawaisimulii: kuandaa mafaili. Unayageuza kutoka muundo mmoja hadi ule ambao ParaView inausoma, unayapa namba za mfululizo ili yasomwe kama muda. Ukikosea mpangilio wa baiti, faili linaweza kufunguka bila kulalamika, halafu chembe zikatawanyika kila upande kama nzige. Kosa hilo halinisumbui, kwa sababu linaonekana.

Langu halikuonekana. Ili kupunguza mzigo, nilichuja: chembe yoyote yenye mwendo chini ya nusu mita kwa sekunde, nje. Nilijiambia maji yaliyolala hayana habari. Mafaili yakawa mepesi, video ikakimbia, mawimbi yakapendeza.

"Maji ya kwetu hayakukimbia," Mama akasema. "Ya kukimbia yalipita kule chini. Yetu yalikuja polepole, yakafika magotini, yakakaa. Ukuta wa udongo ukalowa, ukaanguka."

Hakusema zaidi, nami sikuuliza nani alikuwa ndani.

Maji ya kufika magotini ni unene wa chembe moja. Msiba wake wote ulikuwa chini ya kizingiti nilichokiweka nikinywa chai.

Rafiki yangu mhandisi anasema najitesa bure. Ati picha ni picha tu. Ushahidi uko kwenye namba, na namba sikuzigusa. Sawa. Lakini nani atafungua gigabaiti 16? Si chifu, si mzee wa mtaa, si kijana anayetafuta ploti. Wao wataona video kwenye simu, waseme pembeni ni salama, jenga.

Wala dawa si kubaki na kila kitu. Picha inayoganda haimwonyeshi mtu chochote, na hiyo nayo ni njia ya kuficha. Kila anayesimulia huacha kitu. Mama pia aliacha. Ila alipoacha, nilijua kwamba ameacha. Ukimya wake niliusikia. Wangu ulifanana na ardhi kavu. Nadhani tofauti ya kufupisha na kudanganya iko hapo.

Hata programu iliyonifanyia hesabu, DualSPHysics, ina adabu kuniliko: chembe ikivuka mipaka huiondoa, lakini huiandika kwenye faili la zilizotoka. Mimi sikuandika popote.

Jumapili nilimwita tena. Katikati ya bonde, ambako chembe zimerundikana, nimeondoa tisa katika kila kumi. Pembeni sijagusa hata moja. Chini ya video nimeandika kwa Kiswahili ni ngapi zimetolewa, na za wapi. Laptopu ilikwama mara mbili. Mama alingoja.

Safari hii maji yalifika pale alipokuwa ameweka kidole. Aliyatazama kwa muda, kisha akasoma maandishi ya chini.

"Na hawa wa katikati uliowapunguza?"

"Ni maji tu, Mama."

"Najua," akasema. "Rudisha nyuma nione tena."