Amri ya Kutubu

Waandishi wa programu wanapenda utani, na mara nyingi utani wao huishia kwenye majina ya amri. Katika Unix ya Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, amri ya kukuarifu kwamba barua imeingia iliitwa biff, jina la mbwa aliyezoeleka chuoni pale. Hiyo haikumdhuru mtu. Ya Dan Farmer na Wietse Venema ni habari nyingine, na sisi tunaoandika programu tuisikilize vizuri, kwa kuwa hakuna kati yetu asiyeweza kuteleza hapo.

Wawili hao walitaka kuwasaidia wasimamizi wa mitandao. Walitengeneza programu inayozipitia kompyuta za mtandao, ikagundua mianya iliyokwisha kujulikana, kisha ikaeleza kwenye kivinjari namna ya kuiziba. Kazi ya maana kabisa. Wakaiita SATAN, yaani Shetani, wakiunga herufi za kwanza za maelezo marefu ya Kiingereza kuhusu uchambuzi wa mitandao.

Walikuwa na muda wa kujirudi, maana waliitaja kwa jina hilo tangu 1993. Na dalili kubwa kuliko zote waliiweka wenyewe ndani ya programu: amri iitwayo repent, yaani tubu. Ukiiendesha, palipoandikwa SATAN panageuka SANTA, yule mzee wa Krismasi. Hebu tafakari. Mtu hafungashi samahani pamoja na bidhaa ila moyo wake umeshamwambia kwamba wapo watakaokwazika. Wangeweza kuchagua jina la kawaida, mpenda utani akajibadilishia mwenyewe. Wakafanya kinyume, kazi ya kubadilisha wakamtwika aliyeudhika.

Programu ilipotoka Aprili 1995, hofu ilikuwa imeshatangulia. Magazeti yaliipigia kelele, CERT, kituo cha usalama wa kompyuta cha Marekani, kikatoa tahadhari, na Farmer alikuwa amekwisha kupoteza kazi yake katika kampuni ya Silicon Graphics. Tuwe wa haki: jina peke yake halikuleta yote hayo. Wengi walihofia kwamba chombo cha kuonyesha mianya kitamfikia hata mdukuzi, tena bure. Hoja hiyo ilistahili kujibiwa kwa utulivu, lakini nani angetulia mbele ya jina kama lile? Na baada ya hofu yote hiyo, Intaneti haikuanguka.

Basi, ndugu yangu, ukijikuta unaandaa utetezi wa jina kabla hujaulizwa, libadilishe siku hiyohiyo.

Wenyewe hawakuacha utani. Miaka michache baadaye walitoa vifaa vya kuchunguza kompyuta iliyovamiwa, wakavipa jina la mchunguzi wa vifo, na ndani yake mna amri iitwayo lazarus, yaani Lazaro, yule aliyefufuliwa. Kazi yake ni kurudisha data zilizofutwa. Safari hii hata asiyecheka aliweza kukisia amri inafanya nini.